Kabla ya Kununua Bati: Hotuba kwa Kamati za Shule za Milima ya Usambara

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. (Ukumbi: Kazi iendelee!) Wazee wangu, shikamooni. Mheshimiwa Diwani, Watendaji wa Kata na wa Vijiji, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, na ninyi mafundi mliojipanga nyuma kabisa kana kwamba mmemsindikiza mtu: sogeeni mbele, maana zaidi ya nusu ya maneno yangu leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie ujenzi endelevu wa shule za milimani. Kwenye semina nyingi, mada ya namna hii huanza na picha ya paneli za sola juu ya paa. Mimi sola nitaigusa mwishoni, muda ukibaki, na usipobaki hamtakuwa mmepoteza kitu. Nimezunguka shule nyingi za huku juu, na zile zilizochakaa kabla ya wakati wake karibu zote zimeumizwa na kitu kimoja, nacho ni maji. Maji yaliyotoka mlimani yakapita chini ya msingi, maji yaliyotoka paani yakachimba ukuta, maji yaliyojificha nyuma ya kingo, yaani ukuta wa kuzuia udongo wa mlima, mpaka kingo ikalala. Kwa hiyo nitaanza na maji, tena nitakaa hapo muda mrefu.

Lakini kwanza tuseme habari ya fedha, maana najua ndiyo mnayoiwaza. Mwaka 2021 nchi yetu ilipopata mkopo wa Sh. trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya athari za UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama. Kila chumba kilitengewa Sh. milioni 20. Ilikuwa kazi kubwa na watoto wengi walitoka chini ya miti. Sasa fikirieni Sh. milioni 20 zikifika Igunga, kwenye tambarare, na Sh. milioni 20 zikifika hapa. Kule Igunga fundi anapima kiwanja asubuhi, jioni vijana wanachimba msingi. Hapa petu lazima kwanza ukate mlima. Ukishakata, lazima uushikilie usikurudie. Kisha saruji, nondo na bati lazima vipandishwe kwa njia ya korongoni, na sehemu ya mwisho ya safari ni vichwani mwa akina mama zetu. Ramani ni moja, kiasi ni kimoja, ila kiwanja si kimoja. Fedha ya kingo na mitaro haimo, na kwa kuwa haimo, kinachofanyika ni kujenga darasa na kuacha mlima ujisimamie wenyewe.

Niwaonyeshe kwa hesabu ndogo. Darasa la kawaida lina upana wa mita 7 hivi. Ongeza baraza ya mita 2, ongeza njia ya kupita nyuma na nafasi kidogo mbele, umefika mita 12. Kama kiwanja kinateremka mita 3 kwa kila mita 10, na huku kwetu huo ni mteremko wa kawaida kabisa, basi kati ya ukingo wa juu na ukingo wa chini kuna tofauti ya mita 3.6. Wengi hukata nusu na kujaza nusu. Matokeo yake nyuma ya darasa panabaki ukuta wa udongo unaokaribia mita 2, na mbele yake kuna kifusi cha kimo kama hicho. Nusu ya darasa imekaa juu ya udongo wa asili ambao haujaguswa tangu dunia iumbwe, nusu ya pili imekaa juu ya kifusi cha mwezi uliopita. Masika ya kwanza kifusi kinashuka. Mnaona ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Msitarajie niseme ile methali ya ufa na ukuta. Ufa wa namna hii ukiuziba kwa plasta, mwakani unafunguka palepale, kwa sababu ugonjwa uko chini ya jamvi la sakafu.

Mafundi, hapa nawaambia ninyi. Msingi usikae juu ya kifusi, hata kama kimeshindiliwa, hata kama mwenyekiti ana haraka ya kupiga picha. Shuka mpaka udongo wa asili. Kama kushuka kunakula mawe mengi, hiyo ni dalili kwamba jengo ni pana mno kwa mteremko huo, au limewekwa pasipo pake. Jengo refu lifuate kontua, yaani mstari wa mlima usiopanda wala kushuka, liulalie mlima kwa ubavu. Mkiwa na madarasa manne na kiwanja chembamba, msilazimishe bloku moja ndefu; jengeni mawili hapa na mawili chini yake kidogo, kila bloku kwenye ngazi yake. Mabibi zetu walilima mteremko huu kwa ngazi na hawakuhitaji katapila.

Kuhusu kingo. Watu wengi hudhani ukuta wa kingo huangushwa na uzito wa udongo. Udongo mkavu hausukumi sana. Kinachosukuma ni udongo ulioshiba maji, na maji yenyewe yaliyokosa pa kutokea. Kwa hiyo kingo nzuri ni ile inayovuja. Nyuma yake weka kokoto au mawe madogo, chini yake weka bomba lenye matundu au angalau mawe makubwa yasiyo na udongo, na mbele acha matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hivi. Nimeona kingo ya zege tupu, nzito, ya gharama, imepigwa lipu safi na matundu yote yamezibwa kwa sababu mkaguzi alisema yanaharibu sura. Shule siitaji jina. Kingo ile ilipinda. Jirani yake kulikuwa na kingo ya mawe makavu, yasiyo na saruji hata kidogo, iliyojengwa na mzee wa kijiji kwa ajili ya shamba lake, na ilikuwa imesimama wima.

Na kabla maji hayajafika kwenye kingo, yazuieni juu. Mtaro wa juu, mita kadhaa kutoka kwenye ukingo wa mkato, uyapokee maji ya mlima na kuyapeleka pembeni kwenye mkondo wa asili. Pale yanaposhuka, tandazeni mawe, la sivyo mnatengeneza korongo jipya kwa mikono yenu. Kwenye ukingo wenyewe pandeni majani. Huku Lushoto sina haja ya kuwafundisha majani ya Guatemala. Mmeyajua tangu miaka ya 1980, wakati mradi wa SECAP ulipopita ukihimiza matuta ya majani na miti mashambani. Kwenye mashamba mnayapanda. Kwenye shule sijui kwa nini tunayasahau.

Wapo watakaosema naogopa kivuli. Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Novemba 2009, hapo jirani zetu wa Same, milima ya Upare, ardhi ya kijiji cha Goha iliporomoka juu ya nyumba za watu. Milima yetu na ile ya Upare ni ya ukoo mmoja, udongo mwekundu juu ya mwamba uliozeeka. Ninachoomba ni kwamba kabla kijiji hakijatoa eneo la shule, wazee waulizwe: hapa pamewahi kuteremka? Ile miti iliyopinda shina inatuambia nini? Chemchemi inayotokea masika na kupotea kiangazi iko wapi? Eneo la shule mara nyingi ni lile ambalo halikuwa na mwenyewe, na mara nyingi halikuwa na mwenyewe kwa sababu kila mtu alijua halifai.

Sasa maji ya paani, ambayo ni baraka na balaa kwa pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bloku ya madarasa mawili na ofisi, pamoja na baraza, ina paa la mita za mraba 200 hivi. Mvua moja nzito ya masika ya milimita 50 inaangusha lita 10,000 kutoka paa hilo moja, alasiri moja. Lita 10,000 ndilo lile tenki kubwa la plastiki mnaloliona kwenye hospitali. Kama hakuna gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, maji hayo yote yanadondoka kwenye mstari mmoja mita nusu kutoka kwenye ukuta. Baada ya miaka mitatu mnaona msingi unachungulia nje. Kukiwa na gata na tenki, shule ya wanafunzi 300, kila mmoja akitumia lita 3 za kunywa na kunawa, ina maji ya siku 11. Halafu inanyesha tena. Kwa mwaka wenye mvua ya milimita 1,000, hata mkipoteza sehemu ya tano, paa hilo linawapa lita 160,000. Wasichana wetu wanaotumwa mtoni na ndoo kabla ya kipindi cha kwanza wanabebeshwa maji ambayo yalishapita juu ya vichwa vyao.

Gata lakini lina tabia yake. Likiwekwa bila mteremko linakuwa bustani ya majani ya mikaratusi. Lipewe mteremko kuelekea tenki, liwe na wavu, na liwe na kipande cha bomba cha kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi. Na tenki likijaa, ziada ielekezwe mtaroni kwa bomba. Nimeona tenki zuri likifurika juu ya msingi wa darasa lilelile lililolilisha.

Naomba sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna shule moja ya milimani ambayo wasanifu wa dunia nzima huitaja, na nadhani huwa inatajwa kwa sababu zisizo zake. Iko Ladakh, kaskazini mwa India, katika kijiji cha Shey, karibu na mji wa Leh. Inaitwa Druk White Lotus. Iko kwenye mwinuko wa karibu mita 3,500, zaidi ya mara mbili ya hapa tulipo. Baridi ya kule wakati wa majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mvua ni haba, ardhi ni jangwa la mawe, na tetemeko la ardhi ni jambo la kutarajiwa. Wahandisi na wasanifu wa kampuni ya Arup ya London walianza kuipanga mwishoni mwa miaka ya 1990, na majengo ya kwanza yakafunguliwa mwaka 2001.

Walifanyaje na baridi ile, bila kuni, maana miti kule ni ya kuhesabu? Walianza na jua. Anga la Ladakh ni jeupe karibu mwaka mzima. Madarasa yamegeuzwa kuelekea kusini, na yakapindishwa nyuzi 30 upande wa mashariki, ili jua la asubuhi liingie kwenye vioo vikubwa watoto wanapofika. Mabweni yana ukuta mzito uliopakwa rangi ya giza, na mbele yake kuna kioo. Mchana kutwa ukuta unakula jua, usiku unalirudisha ndani polepole, na mtoto analala pasipo moto. Kuta za nje ni za mawe ya hapohapo, za ndani ni za matofali ya udongo, na paa ni la miti ya mipopla na udongo juu yake, kama nyumba za wenyeji. Ila paa la udongo ni zito, na nchi ile inatikisika. Kwa hiyo paa limebebwa na fremu ya mbao iliyofungwa mishazari, ambayo haitegemei kuta. Ukuta ukianguka, paa linabaki juu ya watoto likisimama kwa miguu yake. Sisi tuliwahi kuonywa: Septemba 10, 2016, tetemeko la Kagera liliziharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato. Usambara haitikisiki kama Kagera, lakini lenta inayozunguka jengo zima, isiyokatwa kwenye kona, ni nondo chache tu, na siioni kama anasa.

Mgeni akienda Shey anarudi na hamu ya kujenga ukuta wa kioo. Hapo ndipo tunapokosea kuiga. Ladakh iko kaskazini ya ikweta, nyuzi 34. Jua lao la baridi liko chini, upande wa kusini. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Miezi yetu ya baridi ni Juni, Julai na Agosti, na wakati huo jua la saa sita mchana limeinama upande wa kaskazini kwa takribani nyuzi 28. Desemba, joto likiwepo, jua limevuka na kuinama kusini kwa takribani nyuzi 19. Ukijenga Lushoto darasa linalotazama kusini kama la Shey, umewapa watoto jua wakati wa joto na kivuli wakati wa baridi. Walichofanya watu wa Shey cha kuigwa ni kutoka nje na kutazama jua la kwao linapita wapi.

Kwa hapa kwetu, kiwanja kikiruhusu, mimi ningeweka baraza upande wa kusini na madirisha makubwa upande wa kaskazini. Julai, jua linagusa madawati ya dirishani na kuupasha ukuta joto. Desemba, baraza inakinga lile la kusini. Na upepo wa kusi unaoleta manyunyu na ukungu unakutana na baraza kwanza, kabla ya mlango wa darasa. Kuta fupi, za mashariki na magharibi, ziachwe bila madirisha makubwa, maana jua la alasiri likimpiga mtoto usoni haoni ubao. Mtaniuliza: je, kontua ikiwa inakwenda kaskazini na kusini, jua likataka vingine? Kontua inashinda. Darasa lenye jua baya linarekebishwa kwa upenu na mti wa kivuli; darasa lililokaa vibaya kwenye mteremko halirekebishiki. Na kama kijiji kina maeneo mawili ya kuchagua, chagueni bonde linalotazama mashariki. Ukungu unaondoka mapema, na watoto wanaacha kutetemeka kabla ya kengele ya mapumziko.

Ndani ya darasa shida yetu kubwa ni dirisha la mbao lisilo na kioo. Asubuhi ya Julai mwalimu ana mambo mawili ya kuchagua: afungue, darasa liwe na mwanga na baridi, au afunge, lipate joto na giza. Nimeona darasa limefungwa, watoto zaidi ya 60 ndani, na mtoto wa nyuma anaandika kwa kukisia. Tiba yake ni rahisi: ligawe dirisha. Sehemu ya juu iwe kioo kisichofunguka, ya chini iwe ya mbao ya kufungua. Dirisha lipande juu karibu na lenta, kwa sababu mwanga unaoingia juu ndio unaofika mbali. Paka kuta na dari nyeupe. Chokaa inatosha.

Nimetaja dari. Madarasa mengi hayana, kwa sababu dari ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zikipungua. Huku juu bati bila dari lina makosa matatu, na walimu mnayajua kuliko mimi. Mvua ikinyesha mwalimu anasimama na kunyamaza mpaka iishe, na masika haiishi. Joto la watoto, ambalo ni jiko la bure, linapanda na kupotea kupitia bati. Na asubuhi ya baridi pumzi yao inagusa bati, inageuka maji, inadondokea daftari. Msiweke jipsamu, ikilowa mara moja tu inavimba na kuanguka. Mbao nyembamba za msindano zilizopakwa dawa zinadumu, na zinapasuliwa hapahapa. Kuhusu bati lenyewe, geji 28 ni nene kuliko geji 30, msichanganywe na muuzaji anayesema namba kubwa ndiyo bora.

Tofali. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Tofali la kuchoma ni zuri, limejenga nchi hii, lakini tanuru moja linameza kuni nyingi mno, na kuni zile zinatoka kwenye miti ileile inayoshika udongo juu ya shule. Tukijenga darasa la kufundishia utunzaji wa mazingira kwa kuumaliza msitu wa jirani na hifadhi ya Magamba, watoto wanatuona. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, wamefundisha kwa miaka mingi tofali la kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya mkono, hakuna moto. Lakini msikimbilie mashine kabla ya kuujua udongo. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi, na tofali lake likikauka linapasuka. Chukua chupa ya kioo, tia udongo kiasi, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa kidogo, ongeza. Na kila penye mawe, basi msingi na kuta za chini mpaka usawa wa dirisha ziwe za mawe, kwa sababu hapo ndipo matone ya mvua yanaporukia.

Wanyarwanda wametutangulia kwenye mawe. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011, kuta zake ni za mawe ya volkano ambayo wakulima wa kule walikuwa wakiyaona ni usumbufu shambani. Waashi walikuwa watu wa hapohapo, wakajifunza kazini, na wakatoka na ufundi wa kuuza kwingine. Baadaye, pale Musanze, shule ya msingi ya Ruhehe nayo ikajengwa kwa mawe hayohayo, ikisanifiwa na vijana wa Kiafrika waliokuwa mafunzoni. Fedha iliyolipwa kwa mwashi wa kijiji inabaki kijijini. Iliyolipwa kwa lori la tofali inashuka na lori.

Vyoo nitavipitia haraka. Mwongozo wa serikali wa vyoo vya shule unasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Huku mlimani choo kisiwe juu ya chemchemi inayonywesha watu, hata kama ni mbali. Maji yanapita chini kwa chini. Faida yetu ni mteremko: shimo linaweza kujengwa kwa mawe likiwa na mlango nyuma upande wa chini, likatapishwa bila kubomoa, moja likipumzika jingine likitumika. Kule Shey wana vyoo vya namna hiyo visivyotumia maji kabisa, na bati jeusi lililoelekezwa juani linavuta hewa chafu kwenda juu.

Shule hiyo ya Shey niliyoisifu ilipata mtihani. Agosti 2010, usiku mmoja, mvua isiyo ya kawaida ilipiga bonde la Leh, nchi ambayo kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 100 hivi. Mamia ya watu walikufa katika eneo lile, na tope liliingia hadi ndani ya uwanja wa shule. Wasanifu walikuwa wameshughulika na baridi, jua na tetemeko. Maji yakaja kwa mlango ambao haukuwa na mlinzi. Ilibidi kusafisha na kutengeneza upya. Sisi ambao mvua yetu ni ya kila mwaka, wala hatuhitaji kuambiwa na mtabiri, tunasingizia nini?

Neno kwa Halmashauri, na nasema kwa heshima. Milima hii inakumbuka mradi wa Mlalo wa enzi za Mwingereza, baada ya vita vya pili vya dunia. Wataalamu walikuja na matuta yao, wakayalazimisha kwa sheria ndogo na faini, na wananchi wakayakataa mpaka mradi ukafa. Matuta yalikuwa na hoja. Amri ndiyo iliyoyaua. Ramani ya shule inayoshuka kutoka juu ikiwa imekamilika, na kamati ikaambiwa kazi yake ni kuleta mawe na mchanga kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ina ladha ileile. Tuna mfumo wa force akaunti, wa kujenga bila mkandarasi, fundi ni wetu na kamati ya ujenzi ni yetu. Basi ofisi ya mhandisi wa wilaya iruhusu mambo machache yabadilike kwenye ramani kwa sababu ya kiwanja: mwelekeo wa jengo, kugawanywa kwa bloku, upande wa baraza. Na kwenye makadirio ya shule yoyote ya milimani, kingo, mtaro wa juu na gata viandikwe kwa mistari yake yenyewe, mwanzoni, kabla ya mstari wa bati. Kama fedha hazitoshi madarasa matatu pamoja na hivyo, jengeni mawili. Najua hilo ni gumu kulisema mbele ya Mwenge wa Uhuru unapokuja kuzindua miradi, lakini madarasa mawili yaliyosimama yanabeba watoto wengi kuliko matatu yenye nyufa.

Na neno kwa kamati. Masika ijayo, siku ya mvua kubwa, wajumbe wawili watatu watoke na miamvuli pamoja na watoto wa darasa la sita. Wachukue vijiti. Kila maji yanapopita wachomeke kijiti, kila yanapotuama wachomeke viwili. Mvua ikikata, mwalimu wa jiografia awaongoze watoto wachore. Mchoro huo ndio mpeleke kwa mhandisi, mapema, kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti, kwa sababu zikishaingia kila mtu anakuwa na haraka.

Sola: taa za ofisi na simu ya mwalimu, paneli ndogo inatosha, muifunge mahali mwanafunzi anaweza kufika kuifuta vumbi.

Naona yule fundi wa pale kati ameinua mkono tangu niliposema msingi usikae juu ya kifusi. Karibu, simama usikike, na kama una kiwanja mahususi kichwani, tuambie kinateremka kiasi gani na kinaelekea wapi.